"Karibu Mkuu" na "Kamari ya Fedha": kuizuia mashine isikuandikie isichoelewa

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu muhtasi katika asasi isiyo ya kiserikali hapa Morogoro. Mwezi uliopita nilianza barua ya mwaliko kwenye simu nikaimalizia kwenye kompyuta. Ilipofika ilikuwa inasomeka "Karibu Mkuu" badala ya Katibu Mkuu, na muhtasari wa kikao ulioambatishwa ulitaja "Kamari ya Fedha". Watu walicheka, mkurugenzi hakucheka. Nizime kitu gani, na nisomeje nyaraka kabla hazijatoka, maana muda wenyewe ni mchache?

Jibu: Marahaba. Tuanze na kilichotokea, kwa sababu makosa yako mawili ni ndugu wa baba mmoja. Katika kibodi ya kawaida, R na T zimekaa bega kwa bega kwenye mstari wa juu. Ukiteleza kidogo, katibu anakuwa karibu na kamati inakuwa kamari. Simu nayo ina tabia ya kupendelea neno unaloliandika mara nyingi, na hakuna Mswahili asiyeandika "karibu" mara kumi kwa siku. Kwa hiyo hata pale kidole kilipogusa penye utata, simu ilichagua lile inalolizoea. Kompyuta ilipopokea maandishi hayo haikuwa na la kusema: kwa kamusi ya Kiingereza maneno yote ya barua yako ni makosa, na kwa kamusi ya Kiswahili "karibu" na "kamari" ni maneno halali kabisa.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kikagua tahajia hutafuta neno lisilokuwepo kwenye orodha yake. Hakijui ulitaka kusema nini. Katika Kiswahili makosa yanayoaibisha ofisi mara nyingi ni maneno sahihi yaliyokaa mahali pasipo pake, na mengi yako umbali wa herufi moja tu. Mgeni rasmi huwa "mgeni rasimu". Mkuu wa Mkoa huwa "Mkuu wa Mkoba". Mjumbe wa bodi huwa "mjomba wa bodi". Watumishi wanaotakiwa kufuata taratibu hutakiwa "kufuta taratibu". Mradi wa kukuza vipaji vya vijana huwa mradi wa "kuuza vipaji vya vijana", na mfadhili akiusoma huo atapiga simu kabla ya chai. Mahali pa mkutano hugeuka "mahari ya mkutano". Hakuna hata moja hapo litakalopigwa mstari mwekundu na kikagua cha Kiswahili.

Tuzime sasa.

Kwenye Word ya Windows, fungua File, kisha Options, kisha Proofing, halafu bonyeza kitufe cha AutoCorrect Options. Kwenye Mac njia ni Tools, kisha AutoCorrect Options. Dirisha litakalofunguka lina orodha ndefu ya safu mbili: kushoto unachoandika, kulia kinachowekwa badala yake. Chini kabisa kuna kisanduku kinachosema Automatically use suggestions from the spelling checker. Ondoa tiki hapo kwanza kabla ya kingine chochote. Hicho ndicho kinachoipa programu ruhusa ya kubadilisha neno lako kwa kubahatisha. Orodha yenyewe ni ya makosa ya Kiingereza kama "teh", na mara nyingi haina madhara kwetu.

Nimesema mara nyingi. Ndani ya orodha hiyo kuna vitu vitatu ambavyo mtu anayeandika mikataba, katiba za vikundi au kanuni za utumishi hana budi kuvifuta: (c) inayogeuzwa kuwa ©, (r) inayogeuzwa kuwa ®, na (e) inayogeuzwa kuwa €. Matokeo yake ni katiba ya SACCOS ambayo vifungu vyake vidogo vinakwenda (a), (b), ©, (d), €. Watu huvipita bila kuviona, kwa sababu jicho linasoma umbo la mviringo lenye c ndani na kuridhika. Chagua kila kimoja kwenye orodha, bonyeza Delete. Google Docs nayo ina orodha yake: Tools, Preferences, kisha kichupo cha Substitutions, ondoa tiki kwenye (c), kisha kwenye kichupo cha General cha dirisha hilo hilo zima Automatically correct spelling.

Kwenye dirisha lile lile la Word kuna Capitalize first letter of sentences. Hii huamini kwamba kila nukta inamaliza sentensi. Kiswahili cha ofisi kimejaa nukta za vifupisho, kwa hiyo utapata "k.m. Shule za kata", "taz. Kiambatisho", "n.k. Zitagharamiwa". Wanaoandika vifupisho vingi ni afadhali waizime. Ukitaka kuibakiza, bonyeza Exceptions, kichupo cha First Letter, uongeze k.m., n.k., taz., uk. na vingine unavyotumia.

Baada ya hapo iambie Word unaandika lugha gani. Bonyeza Ctrl+A kuchagua maandishi yote, nenda Review, Language, Set Proofing Language, tafuta Kiswahili kwenye orodha. Ukiona alama ndogo ya ABC yenye tiki kando ya jina la lugha, kamusi yake imo kwenye mashine yako. Isipokuwepo, chagua Kiswahili hivyo hivyo, kwa sababu orodha ya kusahihisha hufuata lugha ya maandishi na ile ya Kiingereza itakaa pembeni. Ondoa pia tiki ya Detect language automatically, la sivyo aya yenye majina mawili ya Kizungu itarudishwa Kiingereza bila wewe kujua. LibreOffice, ambayo ni ya bure, ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili. Si kamilifu, kwa sababu kitenzi chetu kina sura nyingi mno kuorodheshwa zote, lakini itakukamatia "mkutnao" na "mweyekiti".

Faida kubwa ya kuweka lugha sahihi haisemwi sana. Waraka wa Kiswahili ulioachwa kwenye Kiingereza huwa mwekundu kutoka juu hadi chini. Baada ya wiki mbili jicho linazoea wekundu ule na kuacha kuuona. Siku kosa la kweli likitokea, limejificha katikati ya maneno mia tatu yasiyo na kosa. Heri waraka usio na mstari mwekundu hata mmoja kuliko ule wenye mistari kila mahali, maana wa kwanza angalau unakulazimisha kusoma.

Simu inahitaji ukali zaidi. Kwa wenye kibodi ya Gboard, ingia kwenye mipangilio yake, Languages, ongeza Swahili ya Tanzania au ya Kenya, kisha rudi kwenye Text correction uzime Auto-correction. Kwa iPhone ni Settings, General, Keyboard, kisha Auto-Correction. Ukiacha kibodi ya Kiingereza ikusahihishe, neno fupi kama "hii" linaweza kukatwa herufi likabaki salamu ya Kiingereza katikati ya barua ya Kiserikali. Mapendekezo yanayotokea juu ya kibodi unaweza kuyaacha, ila yana mtego wake: ukiandika "kusimam" yatakuletea kusimama, kusimamia na kusimamisha kwa mpigo, na kidole chenye haraka kikigusa la pembeni, azimio la bodi la kusimamia mradi linakuwa la kusimamisha mradi. Kumbuka pia kwamba simu hujifunza makosa yako. Ukiona pendekezo la ovyo, libonyeze kwa muda kisha ulivute kwenye alama ya kufuta, kabla halijazoeleka.

Ushauri wangu ulio mkali ni huu: simu iwe ya kuandikia rasimu peke yake. Waraka wenye saini na mhuri umalizwe kwenye skrini kubwa.

Kuna kitu kingine ambacho watu hawakihesabu kuwa ni usahihishaji wa mashine, nacho ni Find and Replace. Tuseme unatumia mkataba wa mwaka jana wa Bwana Ali kumwandalia Bwana Omari. Unabonyeza Ctrl+H, unaandika Ali, unaweka Omari, unabonyeza Replace All. Word itatii kikamilifu. Serikali itakuwa "SerikOmari", tafadhali itakuwa "tafadhOmari", mahali "mahOmari", na maswali "maswOmari". Ukidhani dawa ni kuweka tiki kwenye Match case, utaokoa Serikali lakini kila sentensi inayoanza na "Alisema" itasomeka "Omarisema", na "Aliyetajwa" atakuwa "Omariyetajwa", maana viambishi vyetu a- na -li- vikiungana hufanana na jina la mtu. Jina Juma lina balaa lake: libadilishe kuwa Asha na kikao cha Jumatatu kitafanyika "Ashatatu". Bonyeza More, weka tiki Find whole words only, na ubadilishe moja moja kwa Find Next badala ya Replace All. Kwa jina tu hiyo inatosha. Kwa cheo haitoshi: ukibadilisha mkurugenzi kuwa meneja kwa neno zima, "wakurugenzi" na "ukurugenzi" watabaki walivyokuwa, kwa hiyo tafuta tena kwa mzizi "kurugenzi" na usome kila kilipotokea.

Usikose Excel, hasa kama unaandaa orodha za washiriki na malipo. Namba ya simu 0712 na kuendelea hupoteza sifuri ya mbele. Nyumba namba 12/3 hugeuka tarehe 12 Machi. Mbaya kuliko zote ni namba ndefu: Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba, zinazozidi huzifanya sifuri. Namba ya Kitambulisho cha Taifa ya NIDA ina tarakimu 20. Ukiiingiza bila vistari, tarakimu tano za mwisho zimekufa, na kubadilisha muundo wa seli baadaye hakuzifufui. Inabidi uziandike upya kutoka kwenye kadi. Kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali yenye tarakimu 12 haifi, ila huonyeshwa kwa kifupi chenye E+11, na anayenakili anachokiona badala ya kilichomo anaharibu malipo. Dawa: chagua safu nzima, igeuze kuwa Text kabla ya kuingiza chochote. Kwenye Excel za Microsoft 365 unaweza pia kwenda File, Options, Data, na kuzima mageuzi haya chini ya Automatic Data Conversion.

Usidhani ni tatizo la wasiojua kompyuta. Wanasayansi wa jenetiki waliteseka na jambo hili hili kwa miaka, kwa sababu jeni za binadamu zilizoitwa MARCH1 na SEPT1 zilikuwa zikigeuzwa tarehe za Machi na Septemba. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba takriban moja ya tano ya makala zilizoambatisha orodha za jeni kwa Excel zilikuwa na makosa ya aina hiyo. Mwaka 2020 kamati inayotoa majina ya jeni iliamua kubadilisha majina yenyewe: MARCH1 ikawa MARCHF1, SEPT1 ikawa SEPTIN1. Wafasiri wa Umoja wa Ulaya nao wana kisa chao: vikagua tahajia vya zamani vilijua neno la Kiingereza la ushirikiano likiwa na kistari tu (co-operation), kwa hiyo lilipoandikwa bila kistari vilipendekeza Cupertino, mji wa California yalipo makao makuu ya Apple. Hati za taasisi za kimataifa zikawa zinahimiza Cupertino baina ya mataifa.

Sasa kusoma prufu, yaani kuusoma waraka kwa kusaka makosa kabla haujatoka. Umesema muda ni mchache, na ni kweli, kwa hiyo usisome kila kitu kwa uzito sawa. Barua ya ukurasa mmoja inaweza kusomwa vizuri kwa dakika kumi ukijua pa kukaza macho.

Soma kwanza vile ambavyo msomaji atavisoma kwanza na mwandishi huvisoma mwisho au asivisome kabisa: jina na cheo cha anayeandikiwa, anwani, kumbukumbu namba, kichwa cha habari kilichopigiwa mstari, tarehe. Makosa ya kichwa cha habari hudumu kwa sababu kila mtu huanza kusoma kwenye "Tafadhali rejea". Linganisha siku na tarehe kwa kalenda, usiamini kumbukumbu. Jumatano tarehe 14 ikiwa Alhamisi, nusu ya wageni watakuja siku moja na nusu siku nyingine. Saa nayo: kama barua ina nakala ya Kiingereza, saa 2:00 asubuhi lazima iwe 8:00 upande wa pili. Fedha zisome mara mbili, tarakimu kisha maneno, uone kama Sh. 1,500,000 bado ni milioni moja na laki tano.

Halafu vitenzi, na hapa ndipo mkataba hufa au hupona. Kiswahili hubeba ukanushi katika herufi moja. "Mpangaji ataruhusiwa kupangisha mtu mwingine" na "Mpangaji hataruhusiwa kupangisha mtu mwingine" hutofautiana kwa h tu, na hakuna programu itakayoliona hilo. Vivyo hivyo atalipa na atalipwa, mdai na mdaiwa, mwajiri na mwajiriwa, mkopaji na mkopeshaji, mpangaji na mpangishaji: ukikosa silabi moja umehamisha deni kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Kwa mikataba, chapisha kwenye karatasi, chukua kalamu, zungushia duara kila kitenzi chenye "atalipa", "hata-", "asi-" na kila jina la upande wa mkataba. Kisha soma zile duara peke yake na ujiulize: nani, anamfanyia nani, ndiyo au hapana? Ni kazi ya kuchosha na sioni njia ya mkato.

Tatu, tengeneza orodha yako ya maneno hatari. Yako inaanza na karibu na kamari. Ongeza rasimu, kufuta, kuuza, mkoba, mjomba, mahari, na chochote kitakachokuumbua siku zijazo. Kila waraka ukikamilika, bonyeza Ctrl+F uyatafute moja moja. Inachukua dakika mbili. Hii ndiyo hatua ambayo peke yake ingeokoa barua yako.

Mwisho, sikiliza. Jicho la aliyeandika husoma alichokusudia, sikio halina upendeleo huo. Ukiwa na mwenzako ofisini, mmoja asome kwa sauti rasimu ya mkono au dondoo za kikao, mwingine afuatilie iliyochapwa, namba zikitamkwa tarakimu kwa tarakimu na majina yakitamkwa herufi kwa herufi. Ukiwa peke yako, hifadhi waraka kama PDF, ufungue kwenye kivinjari cha Edge na utumie Read Aloud. Kina sauti za Kiswahili cha Tanzania na cha Kenya. Sauti hiyo itasema "Kamari ya Fedha" bila aibu, nawe utashtuka. Kama hayo yote hayawezekani, badilisha aina na ukubwa wa herufi ili mistari ikatike mahali papya. Hilo peke yake huamsha macho.

Wengi siku hizi huipa kazi hii akili unde (AI). Inafaa kwa kiasi, ukiiagiza iorodheshe makosa tu bila kuandika upya. Ukiiachia iandike, itakulainishia sentensi na njiani ikabadilisha jina, tarehe au masharti, na utakuwa umepata aina mpya ya kosa isiyo na dalili. Nyaraka za siri, orodha za mishahara na taarifa za wagonjwa usiziweke humo.

Kama mkurugenzi ataona huku ni kupoteza muda, mweleze kisa cha Uingereza. Mwaka 2009 msajili wa kampuni wa huko aliandika kwamba Taylor & Sons ya Wales imefilisika. Iliyofilisika ilikuwa Taylor & Son, kampuni nyingine kabisa. Kosa lilirekebishwa ndani ya siku chache, lakini habari ilikwishafika kwa wakopeshaji na wauzaji, na kampuni iliyokuwa na wafanyakazi zaidi ya 250 ikaanguka kweli. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba msajili anawajibika kwa uzembe huo. Herufi moja, s.

Kwa siku zijazo, jipe pia nafasi ya kujuta. Gmail ina Undo Send. Kwenye mipangilio iongeze hadi sekunde 30. Outlook ya Windows ya toleo la zamani (classic) inakuruhusu kuweka kanuni ya kuchelewesha kila barua pepe kwa dakika kadhaa kabla haijaondoka. Kuirudisha iliyokwishafika kwa mtu wa nje ya ofisi yenu usikutegemee.

Na hiyo iliyokwishatoka, irekebishe kwa utaratibu wake. Tuma barua mpya yenye tarehe mpya, na katika aya ya kwanza andika kwamba inachukua nafasi ya ile yenye kumbukumbu namba fulani ya tarehe fulani. Usieleze habari za simu wala kompyuta. Kwa anayeipokea, barua imetoka kwako. Muhtasari wa kikao usiubadilishe kimyakimya kwenye faili, maana nakala zimekwishasambaa. Usubiri agenda ya kuthibitisha muhtasari uliopita katika kikao kijacho: mjumbe ataje ukurasa na aya, wewe ukate "Kamari" kwa mstari mmoja wa kalamu unaoacha neno likisomeka, uandike "Kamati" juu yake, na mwenyekiti aweke saini fupi na tarehe pembeni kabla ya kutia saini ukurasa wa mwisho.